Rimu za Harusi Zilivyokubali Kwenda Msibani

Usiku wa jana niliota rimu nne zimekaa sebuleni kwangu, kila moja kwenye kochi lake, zinasubiri chai.

Zilikuwa zile zile rimu za gari la msiba la ushirika wetu wa kanisa hapa Uyole. Nilizijua kwa mng'ao. Ni za alumini, zimepigwa polishi mpaka mwanamke anaweza kufunga kilemba akizitazama. Gari lile lilikuwa la harusi kabla tajiri mmoja hajalitoa kwa kanisa, na huko mazishini rimu zake zimekuwa kero. Mtu anainama kulia, anajiona kwenye gurudumu analia, anaacha kulia anaanza kujitengeneza.

Baraza la kanisa likasema zipakwe rangi nyeusi. Akaja fundi mmoja wa kupita, akapulizia rangi juu ya polishi hivyo hivyo. Siku ya kumzika Mzee Mwaipungu rangi ikabanduka njiani kama maganda ya kitunguu, vipande vikawarukia kwaya. Watu walicheka msibani, Mungu atusamehe. Ikabidi zing'arishwe upya.

Safari hii kazi nimepewa mimi, Mama Gwakisa, mjane wa fundi Angolwisye, mwenye karakana ya rangi ya unga, ile inayopulizwa kavu ikaivia tanurini, nyuma ya nyumba hii. Na nimeichukua kwa ajili ya Atuganile. Atuganile ni rafiki yangu, ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. Amefariki juzi, tunamzika Jumamosi. Akiwa kitandani aliniambia, "We Mama Gwakisa, mimi sitaki kuchekwa njiani. Nipeleke na magurudumu yasiyobanduka." Nikamwahidi.

Hayo ni ya kweli. Sasa narudi kwenye ndoto.

"Shikamoo," rimu zikaniambia kwa pamoja.

"Marahaba. Mmekalia vitambaa vyangu."

"Tumezoea vitambaa," ikasema ya kwanza. "Na maua. Na riboni. Mama, tumesikia unataka kututia weusi."

"Sio mimi. Baraza limekaa."

"Sisi hatukushirikishwa."

"Hata mimi kuna mengi sikushirikishwa," nikasema, nikaweka birika mezani.

Rimu ya pili ikanitazama. Kwa kuwa inang'aa, nilijiona nikitazamwa. Kilemba changu kilikuwa kimekaa sawa.

"Basi tupake hivi hivi tulivyo," ikasema. "Yule fundi mwingine hakutusumbua."

"Na rangi yake ikabanduka."

"Ilibanduka yenyewe. Sisi tulikaa kimya."

Mlango ukagongwa. Nikafungua. Alikuwa ni rangi ya unga, amesimama barazani kama mgeni mwembamba aliyevaa suti nyeusi. Hakuwa na uso, lakini alikuwa na adabu. Akapangusa miguu kwenye tambara, akaingia, akaomba kukaa kwenye mapaja ya rimu ya pili.

"Kaa, baba," nikamwambia.

Akakaa. Akateleza, akaanguka sakafuni. Akajizoa, akakaa tena. Akateleza tena, safari hii akaishia chini ya meza.

"Samahani, Mama," akasema akiwa kule chini. "Sikupata pa kushika."

"Mnaona?" nikaziambia rimu. "Mgeni wa watu mnamwangusha."

Rimu zikanywa chai. Hapo nikasikia kwaya inaimba nje, nikajua kuna msiba unanisubiri.

Nafungua mlango wa uani, natokea kanisani. Mabenchi yapo, maua yapo, na pale wanapokaa kwaya lipo tanuri langu la kuchomea rangi. Gari la msiba limo katikati ya kanisa. Limeinuliwa juu ya mawe, halina gurudumu hata moja. Jeneza limo ndani, na kifuniko kimeachwa wazi kidogo kama sufuria ya maharage.

"Umechelewa," akasema Atuganile kutoka ndani.

"Nisamehe dada. Nilikuwa na wageni."

"Chai umewapa?"

"Nimewapa."

"Haya, fanya kazi."

Kwaya ilikuwa imejipanga ukutani, inaimba ubeti wa mwisho. Wakifika karibu na mwisho wanarudi mwanzo wa ubeti ule ule. Nikamuuliza Mchungaji Mwasomola, aliyekuwa amesimama na Biblia yake, kwa nini hawamalizi.

"Hawawezi," akasema. "Ubeti unamalizikia juu sana, na mwenye kupanda huko juu ndiye huyo kalala. Wakizunguka hivi mpaka koo zikauke, watanyamaza. Wakinyamaza, mama, ibada imekatika. Tutampeleka kwa lile."

Akanionyesha mlangoni. Palikuwa na toroli la kubebea viazi. Lilikuwa limevaa tai.

"Mimi nipo tayari," toroli likasema.

"Nisikilize, Mama Gwakisa," akasema Atuganile. "Sipandi hilo."

"Hupandi," nikamwambia. Nikakunja mikono ya gauni.

Jambo la kwanza katika kazi hii ni kuivua rimu. Juu ya polishi huwa kuna vanishi, haina rangi wala harufu, mtu asiyejua anadhani rimu iko tupu. Nikaziita zote nne mbele. Zikaja zinabiringika, moja bado ina kikombe.

"Vueni," nikasema.

"Mbele ya kwaya?"

Nikawaambia kwaya wageuke. Wakageuka, wakaendelea kuimba wanatazama ukuta. Mchungaji akafumba macho kama anaomba. Na mimi, kwa kuwa ni mwanamke wa heshima, nilipaka dawa ya kubandua nikiwa nimetazama pembeni. Vanishi ikainuka kama gauni la nailoni. Kila rimu ikakunja ya kwake na kunikabidhi.

"Tutunzie," ikasema ya kwanza. "Tutazihitaji."

"Hamtazihitaji."

"Mama huyu hana utani," ya pili ikaiambia ya tatu.

Baada ya kuvua ni kuosha. Nikaosha kwa sabuni ya kukata mafuta, nikachota maji ya kupimia kama mafuta yameisha. Maji yale yalikuwa ni mzee wa kanisa mstaafu. Yalitoka kwenye ndoo taratibu yakikohoa, yakapanda juu ya rimu ya kwanza, yakatembea kutoka ukingo mpaka ukingo, yakatandazika kama shuka.

"Hii safi," yakasema. Yakaipita na ya pili. Yakaipita na ya nne.

Kwenye ya tatu yakafika katikati yakasimama. Yakajigawa matone matone, kila tone limejikunja peke yake.

"Hapa sisi hatupiti," matone yakasema.

"Kuna nini?"

"Kuna mafuta."

"Nimeosha kwa mikono yangu."

"Umeosha, mama, hatukatai. Lakini kuna mtu alipaka yakazama."

Mchungaji Mwasomola akafumbua macho. "Labda ni yale ya upako," akasema. "Siku gari lilipoletwa nilizibariki. Hiyo nafikiri niliizidishia kidogo, ilikuwa karibu na mlango."

"Ya upako hayo," nikayaambia maji. "Sio mafuta ya chipsi."

"Mafuta ni mafuta," yakasema maji. "Sisi hatuulizi yametoka kwa nani."

Ndivyo ninavyofanya kazi hata nikiwa macho. Nikaosha tena, nikasugua mpaka kwenye mabega ya rimu. Maji yakapanda tena, yakatandazika, yakasema asante, yakashuka, yakaenda kukaa benchi la mbele.

Kwaya ilikuwa imeanza kukwaruza. Sauti ya pili ilikuwa inakohoa katikati ya maneno.

Sasa ni mchanga. Hapa ndipo polishi inapokufa. Kompresa ikawaka yenyewe chini ya mimbari, bomba likajaa chembe za mchanga, na kila chembe ilikuwa na kisauti chake. Zilikuwa nyingi kama watoto wa shule ya Jumapili.

"Tuanzie wapi, Mama?" zikauliza.

"Subirini niwaambie."

Rimu zikasogeleana. Ile ya tatu, iliyokuwa na mafuta, ikaja mbele peke yake.

"Inauma?" ikaniuliza.

"Inauma."

"Mwingine angesema haiumi."

"Ningekudanganya, halafu ukaniona kila Jumapili hapa kanisani."

Nilijiona ndani yake, na nyuma yangu nikaiona kwaya na jeneza, vyote vimepinda kidogo.

"Mama, mimi maisha yangu yote ni kung'aa," ikasema. "Maharusi walikuwa wanapiga picha na mimi kabla ya kupiga na wazazi. Ukishanipiga mchanga, nabaki nini?"

Nikazima kompresa ili isikie vizuri.

"Na mimi nilikuwa nang'aa," nikaiambia. "Muulize huyo aliyelala hapo. Nilikuwa na magauni ya satini, nikiingia kanisani benchi linanipisha. Karakana ya mume wangu nilikuwa naipita nimeziba pua. Angolwisye alipofariki nilipigwa mchanga mchana na usiku. Sikuupenda, na mpaka leo siwezi kusema niliupenda. Lakini kazi hii ilipokuja ikanigusa, ilikuta pa kushika. Ikashika. Sasa mtu akitoka Tunduma na rimu zake anauliza, yule mama yuko wapi. Haulizi gauni."

"Kwa hiyo hukuharibika?"

"Nitazame mwenyewe."

Ikanitazama muda mrefu. Sikuinamisha uso.

"Ni kweli alikuwa na magauni," akasema Atuganile kutoka kwenye jeneza. "La kijani alikuwa anatuudhi nalo."

"Haya," ikasema rimu ya tatu. "Anza na mimi."

Nikaanza nayo. Chembe za mchanga zikapiga kelele za furaha zikatoka. Nilipiga kwa mwendo mmoja, bila kukaa mahali pamoja, mbele, nyuma, ndani ya kila mkono wa rimu. Polishi ikaondoka kama umande. Zile tatu nyingine zilipoona mwenzao hajapiga kelele, zikajipanga foleni.

Nilipomaliza zilikuwa za kijivu zote nne, zimetulia, hazionyeshi uso wa mtu. Zilikuwa zimekwaruzika sawasawa kama ulimi wa paka. Nasema mwenyewe kwa sababu nimeona kazi nyingi: ilikuwa kazi nzuri. Hata rangi ya unga, aliyekuwa ameegemea nguzo na suti yake, alisogea akazitazama akasema, "Hapa mtu anakaa."

Mchungaji Mwasomola naye akasogea. Akaweka Biblia chini ya kwapa, akanyoosha mikono yote miwili kuziwekea rimu.

"Mchungaji!" nikasema.

Akasimama na mikono hewani. Kwaya ikakosea neno.

"Nataka kuziombea."

"Utaziombea. Ila rimu ikishapigwa mchanga haiguswi na mkono mtupu. Mkono una mafuta, hata ukiwa umetawadha. Ukigusa hapo, rangi inakubali leo, mwezi ujao unauona mkono wako umetokea, vidole vyote, na rangi inabanduka kwa kufuata baraka yako."

"Mimi ni mtumishi wa Mungu, Mama Gwakisa."

"Najua, baba. Ndiyo maana nakuheshimu nakupa mpya." Nikamtolea glovu kwenye boksi. "Musa aliambiwa avue. Wewe nakuambia uvae."

Atuganile akacheka mpaka jeneza likagonga mlango wa gari. Mchungaji akazitazama glovu, akanitazama mimi, akavaa. Kwaya nayo ikaomba, nikawagawia. Wakawa wanapiga makofi ya wimbo na glovu mikononi, pu, pu, pu, kama watu wanaokanda unga.

Akaziombea kwa sauti nzuri. Rimu zikasema amina.

"Sasa paka," akasema Mchungaji. "Sauti ya nne imeshanyamaza, unasikia?"

Nilisikia. Toroli nalo lilikuwa limeshaingia hatua chache ndani, linajifanya kutazama madirisha.

"Bado," nikasema. "Nazichoma kwanza bila rangi."

"Bila rangi! Unachoma nini sasa?"

"Alumini ina vitundu visivyoonekana. Kila ilichopita nacho kimeingia humo kikalala. Nisipokitoa sasa kwa moto, kitatoka rangi ikiwa inaiva, na kitaitoboa kama uji unavyotoboka ukichemka. Yule fundi mwingine angeuvuka mchanga, angekwama hapa."

"Mama, hakuna muda."

"Muda upo. Koo ndizo hazipo," nikasema, nikazitia rimu tanurini, nikafunga mlango.

Moto unapanda. Rimu ya kwanza inaanza kutoa. Inatoka harufu ya pilau, halafu marashi, halafu sauti ya mshereheshaji anasema meza ya wakwe wasimame. Ya pili inatoa vumbi la barabara ya Kyela na kelele za honi. Ya tatu inatoa moshi mwembamba wa mafuta ya upako, na Mchungaji anatazama pembeni. Vyote vinapita dirishani vinakwenda zake.

Ya nne haitoi kitu.

"Toa," nikaiambia kupitia kioo cha tanuri.

"Mimi sina kitu."

"Unacho. Naona unavyotokwa jasho."

"Sina."

"Si uiache hivyo hivyo?" akasema Mchungaji kwa sauti ya chini. "Moja tu. Ya nyuma, tena upande wa mtaroni. Nani ataiona?"

Kwaya ilikuwa imebaki na watu wachache. Mama Lugano, anayesimama pembeni ya Atuganile siku zote, alikuwa anaimba machozi yanamtoka kwa kukaukiwa. Toroli limefika benchi la nne.

Nilimtazama Mchungaji, nikalitazama tanuri. Ningeweza kuitoa. Mikono yangu ilikuwa kwenye komeo. Nikakumbuka vipande vyeusi vikiruka njiani na watu wameziba midomo kwa kanga zao wakicheka.

"Ataiona huyo aliyelala," nikasema. "Siitoi."

Nikasogeza uso karibu na kioo, joto likanipiga.

"Mwanangu," nikaiambia rimu ya nne, "umeficha nini?"

Ikasema polepole, "Ni ile noti ya juu. Kulikuwa na harusi, kwaya hii iliimba, nilikuwa nimeegeshwa karibu kabisa na yule mama. Alipanda juu kule. Iliniingia, sikuitoa tena. Sasa amekufa. Nikiitoa, itakuwa imebaki wapi?"

Na mimi nina sauti ya Angolwisye ya kukohoa asubuhi, na sijawahi kuitoa.

Kifuniko cha jeneza kikasogea. Atuganile akaketi. Alikuwa amevaa sare ya kwaya, imepigwa pasi.

"Wewe rimu," akasema. "Hiyo ni yangu?"

"Ni yako, Mama."

"Iachie. Wenzangu wanaihitaji. Huko ndani haimsaidii mtu, itanitobolea rangi tu."

Rimu ya nne ikavuta pumzi, ikaiachia. Ilitoka kwenye ufa wa mlango wa tanuri, ndefu, safi, imenyooka, ikapanda mpaka kwenye mabati. Mama Lugano akafungua mdomo ikamwingia. Akapanda nayo. Waliokuwa wamenyamaza wakamfuata, na kwaya ikavuka pale ilipokuwa inakwama, ikaanza kumaliza ubeti polepole, neno kwa neno, kama watu wanaoshuka ngazi na mzigo wa thamani.

Toroli likageuka likatoka nje. Lilivua tai mlangoni.

Nikazitoa rimu, nikaacha zipoe. Nikaziba mashimo ya nati ili rangi isiingie, maana nati ikikaa juu ya rangi inalegea. Mashimo yakauliza kwa nini yenyewe hayapakwi. Nikayaambia yabaki kama yalivyoumbwa. Yakaridhika.

Ikabaki waya wa ethi. Rangi ya unga haiji kwenye rimu mpaka rimu ifungwe waya unaokwenda ardhini. Nikabana kibanio kwenye rimu, nikaufuata waya ule kwa macho. Ulipita chini ya mabenchi, ukatoka mlangoni, ukaenda mpaka makaburini, ukaingia chini.

"Nimeshika," ikasema sauti kutoka huko.

Nilimjua mara moja. Angolwisye hajawahi kusema neno refu kazini.

"Shika vizuri," nikamwambia.

"Nimeshika. Umezichoma tupu?"

"Nimezichoma."

"Zote?"

"Zote nne."

"Mimi zamani kuna nyingine nilikuwa naziruka," akasema. "Wewe umenipita, mama. Haya, piga."

Nilisimama kanisani na bunduki ya rangi mkononi, na kama kifua cha mtu kingekuwa na vifungo, vya changu vingekatika. Nikamwita rangi ya unga. Akavua kofia ambayo hakuwa nayo, akaingia kwenye bunduki. Nikapiga. Akatoka kama moshi mweusi, akaziendea rimu mwenyewe, akazikumbatia mbele, akazunguka nyuma nisikoelekeza. Hakuteleza hata punje.

"Nimepata pa kushika, Mama," akasema.

Nikiwa nageuka kufungua tanuri, nikasikia kimya cha mtu anayefanya kosa. Nikatazama. Atuganile ameshuka kwenye gari, amesimama mbele ya rimu ya nne, ametia dole gumba katikati ya unga kabla haujachomwa.

"Atuganile!"

"Nilitaka kuona kama ni laini."

"Mtu mzima wewe!"

"Ni laini," akasema, akalitazama dole lake jeusi akafurahi.

Nikapuliza pale alipogusa, nikapiga tena, alama ikajaa. Nikazitia rimu zote tanurini. Yeye akavuta kigoda akakaa mbele ya mlango, akanyoosha mikono kwenye moto.

"Sogea huko utaungua."

"Niache kidogo, Mama Gwakisa. Kule waliponiweka kuna baridi."

Nikamwacha. Tukakaa wote wawili tunatazama rimu zinavyoiva. Unga uliyeyuka, ukatulia, ukawa mweusi mmoja, mtulivu, usioonyesha uso wa mtu anayelia wala anayejitengeneza. Zilikuwa nzuri. Zilipotoka, zenyewe zilijitazama kwa muda, kisha ya kwanza ikasema, "Tunaonekana kama watu wanaojua wanakokwenda."

Zikaenda kwenye gari zikajifunga. Atuganile akapanda, akalala, akavuta kifuniko mwenyewe. Kwaya ikatamka neno la mwisho la ubeti. Gari likatoka kanisani, nikasimama barabarani kulitazama mpaka kwenye kona. Hakuna aliyecheka. Hakuna kipande kilichoruka.

Hapo nikaamka.

Nilisali, nikaenda karakana. Rimu zilikuwa nilipoziacha, chini ya turubai, zinang'aa kwa kiburi chao chote. Mashine zilikuwa baridi. Rangi nyeusi ilikuwa ndani ya boksi, na boksi halijakatwa gundi. Nikajisemea kwamba ndoto ni ndoto, nikavaa kanga, nikaenda mochwari pamoja na wanawake wa kwaya kumwogesha Atuganile.

Mama Lugano ndiye aliyeanza na mikono. Akasimama.

"Jamani, hii nini?"

Dole gumba la mkono wa kulia lilikuwa jeusi.

"Wino huo," akasema mhudumu wa mochwari. "Labda alitia dole kwenye makaratasi."

Mama Lugano akasugua kwa sabuni. Akasugua kwa dodoki. "Hautoki," akasema. "Tena ni mlaini, kama kikombe."

"Nipe huo mkono," nikasema.

Nikaupokea. Ulikuwa wa baridi, na weusi ule ulikuwa umekaa sawasawa pande zote. Nikaukwaruza kwa ukucha, kama ninavyopima kazi ikitoka tanurini.

Haukubanduka.